Mdomo Mmoja Jikoni

Tsai Kun-lung alikuwa na sheria moja tu ya kazi, na aliipenda kuliko alivyopata kumpenda mtu yeyote: jikoni mwake mdomo ni mmoja. Wake. Watu wake ishirini na wawili walikata, walikaanga, walitokosa na kupanga sahani, lakini hakuna aliyeruhusiwa kuchovya kijiko ndani ya sufuria na kukipeleka kinywani. Anayeonja ni fundi. Ukionja wewe, vua aproni uende kwenu.

Siku hizi, akiisimulia habari hii mwenyewe, na huisimulia kila akishika glasi, huanza kwa kuuliza: "Mnajua faida ya ujinga? Unalala vizuri."

Yeye alilala vizuri miaka mitatu.

Hapa wilayani kwetu Neimen tuna wapishi wa karamu wengi kuliko mbwa, na mbwa si haba. Mtu akiozesha mtoto, barabara hufungwa, turubai la mistari huvutwa kutoka mlangoni pake hadi hekaluni, meza za duara hupangwa, na fundi huja na lori lenye majiko yake na watu wake. Kati ya mafundi hao wote Kun-lung alijihesabu wa kwanza. Hilo si ajabu, maana kila mmoja wao hujihesabu wa kwanza. Ila yeye alialikwa na chama cha wapishi azungumze na vijana juu ya kuongoza watu. Akasimama saa nzima, mkono kiunoni, akasema mengi, na katika hayo mengi akasema hili: "Asiyejijua mwenyewe asishike upawa wa wenzake." Vijana wakapiga makofi. Neno lile likamkaa vizuri mdomoni hata akamwita mchoraji, akaliandikisha kwa ufupi ubavuni mwa lori, herufi nyekundu, kila moja kubwa kama sinia: JIJUE KWANZA.

Nyani haoni kundule. Huyu alilitembeza kwenye lori barabara nzima, na bado hakuliona.

Ukweli ni huu. Miaka mitatu nyuma, wakati wa baridi, aliugua homa wiki mbili. Alipoinuka kitandani, chai ilikuwa na ladha ya maji ya moto, na maji ya moto yalikuwa na ladha ya maji ya moto. Samaki alikuwa karatasi iliyolowa. Pilipili ilimwasha, lakini iliwasha tu kama kofi, haikumwambia kitu. Akasema ni uchovu. Mwezi wa pili akasema ni uzee unabisha hodi. Mwezi wa tatu akaacha kusema. Jikoni aliendelea kuchovya kijiko, kufumba macho, kutikisa kichwa kama mtu anayesikiliza habari kutoka mbali, kisha kutupia chumvi kiganja kizima. Anaonja tena, anatupia kingine. Mkono wa fundi unakumbuka, alijiambia. Ulimi ni pambo.

Na hakuna aliyelalamika. Kazi ziliongezeka. Watu walimpigia simu kutoka vijiji vya mbali, na kabla hawajataja tarehe waliuliza kwanza: "Shemeji yako hajambo? Yupo?" Kun-lung aliona watu wana adabu sana siku hizi.

Shemeji huyo ni Yueh-o, mjane wa kaka yake, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na minane, aliyeingia katika kundi hili tangu wakati wa baba mkwe wake. Yeye alisimamia masufuria ya supu. Fundi alipomaliza kuonja alikuwa na desturi ya kutoka kwenda kukagua meza, na hapo Yueh-o alipata kama robo saa ya peke yake. Pembeni mwake palikuwa daima na ndoo ya bluu, imefunikwa. Kun-lung hakupata kuuliza mna nini ndani. Mkubwa haulizi habari za ndoo.

Sasa siku ya harusi ya mjukuu wa Mzee Hung. Meza sitini, vyakula kumi na viwili. Kumi na viwili, si kumi na kimoja. Hesabu isiyogawanyika kwa mbili ni ya matanga, na fundi anayepeleka vyakula kumi na kimoja mbele ya bibi harusi afadhali afungashe ahame. Kila mwenye mtoto wa kuozesha Neimen alikuwa amealikwa chini ya turubai lile. Jina la Kun-lung lingetoka pale limesimama au limelala, basi.

Saa nne asubuhi alionja supu, supu nzito ya kaa, uyoga na machipukizi ya mianzi, masufuria manne yanayomtosha mtu kuogea. Akafumba macho. Akatikisa kichwa. Akatupia chumvi. Akatoka kwenda kukagua meza. Alipofika meza ya tatu akakumbuka miwani yake, akarudi.

Yueh-o alikuwa na upawa mdomoni. Ndoo ya bluu ilikuwa wazi.

"Shemeji. Unafanya nini?"

Yueh-o akameza kwanza. "Naonja."

"Sheria ya hapa unaijua."

"Naijua. Nilikuwapo ulipoitunga. Ulikuwa umelewa."

Mtu mmoja kwenye ubao wa kukatia nyama akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Kama si kicheko, Kun-lung angekohoa, akachukua miwani yake, akaenda zake. Lakini mtu mwenye kichwa kikubwa akichekwa hukitafutia kichwa hicho mahali pa kukaa, na pa karibu ni juu ya mwenzake.

"Vua aproni," akasema. "Nenda nyumbani."

"Leo?"

"Leo hii. Sasa hivi."

Yueh-o akavua aproni, akaikunja mara nne, akaitia mkobani. "Sawa, shemeji. Nimemaliza sufuria moja. Yamebaki matatu." Akatoka.

Yamebaki matatu ya nini, Kun-lung hakuuliza. Chin-tu, msimamizi wa vyakula vya mvuke, mtu wa miaka arobaini mwenye shingo kama ya nyati, akafuta mikono.

"Fundi, mwite arudi."

"Nani fundi hapa?"

"Ni wewe. Ndiyo maana nakwambia wewe."

"Rudi kwenye mvuke wako."

Ili watu waone kwamba mambo yana mwenyewe, Kun-lung akaichukua ile ndoo ya bluu, akaimwaga mtaroni, yote. Kisha akaonja supu tena. Haikumwambia kitu. Akatupia viganja viwili vya chumvi kila sufuria, hata ile aliyoimaliza Yueh-o, na siki nyeusi ya kutosha. Kwa usalama, alijisemea.

Saa sita fataki zikalia, mwimbaji akapanda jukwaani, na sahani za vitafunio baridi zikatoka. Zikafuata za kaa juu ya wali wa kunata, zikarudi zimelambwa. Ikawa zamu ya supu. Bakuli la kwanza huenda meza ya heshima, na mpaka wakubwa wameonja, nyingine hazitoki. Kun-lung akasimama nyuma ya pazia la turubai, akachungulia.

Bibi yake bibi harusi, miaka themanini na sita, akatia kijiko kinywani. Macho yake yakajaa machozi.

Moyo wa Kun-lung ukafura kwa fahari. Tazama, alijiambia, nimemliza bibi wa watu kwa supu. Mzee Hung naye akanywa, akaweka kijiko chini polepole, akanywa chai, akanywa chai tena. Mgeni wa pembeni yake akaweka mkono kifuani. Kun-lung akapangusa jicho lake mwenyewe. Hapo, anapoisimulia, husimama kidogo ili watu wacheke vizuri, kisha huongeza: "Nilikuwa natafuta mahali pa kuinamisha kichwa nishukuru."

Yule bibi masikio yake yalishakwenda zamani, na kwa hiyo husema kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Akasema:

"Nani amemwaga bahari humu?"

Meza nne zikageuka.

Kun-lung akarudi jikoni. Akachota supu, akaiweka kinywani, akaizungusha. Maji ya moto. Akamgeukia Chin-tu, akamnyooshea kijiko.

"Onja."

"Sheria, Fundi."

"Chin-tu. Onja."

Chin-tu akaonja, na uso wake ukajikunja wote kuelekea puani.

"Chumvi imezidi?"

"Fundi, hii si kuzidi. Hii unaweza kuhifadhia samaki mpaka mwakani." Akatema mtaroni. "Kwa kawaida shemeji huzimua."

"Kwa kawaida tangu lini?"

"Tangu ulipougua."

Watu ishirini na mmoja walikuwa wameacha kazi. Mwenye kisu alishika kisu, mwenye sahani alishika sahani, wote wakitazama chini, kana kwamba wao ndio waliokosa.

"Nani mwingine anajua?"

"Humu ndani, wote. Nje, sijui. Muuza barafu anajua. Huyo anayeimba jukwaani anajua."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulisema mdomo ni mmoja, Fundi," Chin-tu akajibu, wala hakusema kwa ubaya. "Sisi yetu tukaifunga."

Kilichomuuma Kun-lung si kwamba wote walijua. Kilichomuuma ni kwamba hakushangaa. Alitafuta mshangao ndani yake, akaukosa. Alikumbuka usiku jirani alipompigia mlango kwa mateke kwa sababu nyumba imejaa moshi wa uji ulioungua, na yeye yuko sebuleni palepale, hanusi kitu. Alimwambia jirani kwamba anajaribu upishi mpya. Mtu hamwambii jirani uongo wa namna ile kama hajui anachokificha. Alijua. Miaka mitatu alijua, ila alikuwa amekiweka kile alichokijua kama ndoo ya bluu, pembeni, kimefunikwa.

"Haya. Yueh-o amefika nyumbani sasa hivi? Nani ana pikipiki?"

"Hajaenda nyumbani," Chin-tu akasema. "Yuko meza ya arobaini na moja. Alikuwa amealikwa. Anakula."

Fundi wa karamu hatoki mbele ya wageni mpaka mwisho, baada ya chakula cha kumi na mbili, akiwa amevaa kofia safi, kupokea sifa. Akionekana kabla ya hapo, ama jiko limelipuka au ana wazimu. Kun-lung akatoka na aproni yake yenye madoa, katikati ya karamu, na meza ya arobaini na moja ilikuwa upande wa pili kabisa, karibu na choo cha hekalu.

Wageni hawakuelewa. Walidhani amekuja kuwasalimu, nao wakainuka.

"Fundi, glasi moja."

"Fundi Tsai, huwezi kutupita hivihivi."

Akanywa meza ya tano. Akanywa meza ya kumi na mbili. Kwake bia na maji vilikuwa ndugu. Meza ya ishirini mtu mmoja akamkumbatia, akamwambia supu yake ya mwaka jana mama yake bado anaitaja. Kun-lung akashukuru kwa niaba ya ndoo.

Yueh-o alikuwa anamenya kaa. Waliokaa naye ni majirani tisa, na mama mmoja alishaandaa mifuko ya plastiki ya mabaki, ameipanga magotini.

"Shemeji," Kun-lung akasema. "Njoo jikoni."

"Mimi leo ni mgeni. Nimeleta bahasha yangu ya pesa za harusi."

"Supu imeharibika."

"Imeharibikaje?"

"Sijui."

Yueh-o akanyonya mguu wa kaa. "Fundi hujui supu yako imeharibikaje?"

Kun-lung akatazama meza. Vichwa tisa vilikuwa vimeacha kutafuna. Kusema jambo mbele ya watu tisa wa Neimen ni sawa na kulisema redioni, tena redio hukatika umeme. Angeweza kumvuta pembeni. Angeweza kusema gesi imesumbua. Uongo wa kutosha meza sitini ulikuwa tayari ulimini, na kwa kuwa ulimi wenyewe ulikuwa umekufa, usingeuonja ubaya wake.

"Siwezi kujua," akasema. "Sionji kitu. Ukiniwekea sukari na majivu, kwangu sawa."

"Tangu lini?"

"Unajua tangu lini."

"Mimi najua. Nauliza kama wewe unajua."

"Tangu ile homa." Akajikuna shingo. "Siku ya kwanza niliyotoka kitandani. Nilikunywa chai nikajua."

Mama mwenye mifuko akasema taratibu, "Masikini," kisha akamgeukia jirani yake: "Si nilikwambia."

Yueh-o hakufanya haraka. Akamaliza mguu wa kaa, akanawa vidole kwenye chai, akafungua mkoba. Aproni ikatoka na mikunjo yake minne.

"Umenifukuza mbele ya watu," akasema akiifunga kiunoni.

"Nimekufukuza mbele ya watu, nakurudisha mbele ya watu."

"Hujanirudisha bado. Umeniita tu."

"Shemeji, nakuomba."

"Sasa umenirudisha. Twende, mwimbaji ana nyimbo mbili tu zilizobaki."

Jikoni akaonja sufuria ya kwanza, akafumba jicho moja. "Umetia na siki?"

"Kwa usalama."

"Usalama wa nani?" Akaangaza huku na huku. "Ndoo yangu iko wapi?"

"Ilikuwa na nini?"

"Mchuzi wa mifupa. Hauna chumvi. Wa kuzimulia."

"Nimeumwaga."

Yueh-o akamtazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyekula shuka. "Basi sina la kufanya," akasema. "Mimi najua supu ikoje na inataka nini. Inataka mchuzi mtupu, ndoo sita, na wanga upya. Utoke wapi, sijui. Meza sitini, watu ishirini na wawili, kipi kitangulie, kipi kingoje, hayo mimi huwa sijui. Hayo ni yako."

Kun-lung akasimama katikati ya jiko. Ni kweli, hayo yalikuwa yake. Hakuyapata ulimini, aliyapata miguuni, kwa miaka thelathini ya kukimbia kati ya moto na meza. Kutupa supu haiwezekani, vingebaki vyakula kumi na kimoja. Akahesabu masufuria kwa macho.

"Kuku wa chakula cha tisa wametokoswa?"

"Wametokoswa," mtu akajibu. "Chumvi bado."

"Watoeni. Mtawakata, mtawamwagia mafuta ya tangawizi, wataenda bila mchuzi. Mchuzi wao wote mpeni Yueh-o. Chin-tu, samaki wako wamebakiza nini?"

"Dakika sita."

"Wape nne, wapeleke sasa mahali pa supu. Miguu ya nguruwe iwafuate. Mtu mmoja aende akamwambie huyo anayeimba arudie wimbo wa kwanza, wageni wameshalewa, hawatajua. Wawili wakate figili, nyingi, zitanyonya chumvi. Na hilo bakuli la meza ya heshima lirudisheni, semeni lilikuwa la mungu wa hekalu, limekosea njia."

"Mungu atakubali?" Chin-tu akauliza.

"Yeye amezoea. Kimbia."

Wakakimbia. Yueh-o akamimina, akakoroga, akaonja, akamimina. Na kila sufuria ilipofika kwake, Kun-lung alisimama pembeni na kuuliza neno ambalo jikoni mwake halikuwa limesikika kutoka kinywani mwake miaka mitatu.

"Ikoje?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado kidogo. Usinisimamie kama deni."

"Sasa?"

Yueh-o akamnyooshea Chin-tu kijiko. Chin-tu akamtazama Fundi. Fundi akaangalia pengine. Chin-tu akaonja, akalamba kijiko pande zote mbili, akasema, "Peleka."

Supu ikatoka ya sita badala ya tatu, na vyakula vikatimia kumi na viwili.

Mwishoni Kun-lung akavaa kofia safi, akatoka kupokea sifa, huku akimburuta Yueh-o kwa mkono. Walipofika meza ya heshima, yule bibi wa miaka themanini na sita akamkazia macho.

"Wewe ndiye uliyetuletea bahari?"

"Ndiye mimi, Bibi," akamwinamia sikioni.

"Ya pili ilikuwa nzuri."

"Hiyo si yangu. Ni ya huyu."

"Nini?"

Ikabidi aliseme kwa sauti kubwa, na mwimbaji alikuwa ameshamaliza nyimbo zake zote, kwa hiyo meza sitini zilisikia vizuri sana: "Nimesema sikupika mimi, Bibi. Mimi nilitia chumvi tu."

Jioni walipokuwa wanapakia vyombo, Chin-tu akasimama mbele ya ubavu wa lori, akasoma zile herufi nyekundu kana kwamba anaziona mara ya kwanza.

"Fundi, hii tuipake rangi juu?"

Kun-lung akafikiri. "Iache. Wenzangu huandika namba ya simu. Mimi nimeandika ugonjwa wangu."

Wiki ile alidhani simu haitalia tena. Ikalia siku ya tatu. Mtu wa kijiji cha jirani, ana binti anaolewa, meza thelathini. Kabla ya kutaja tarehe akauliza, kwa adabu kabisa:

"Shemeji yako hajambo? Yupo?"

Kun-lung akaketi. Akazipitisha kichwani simu zote za miaka mitatu, moja baada ya nyingine, zote zikimuuliza swali hilohilo, naye akijibu hajambo, hajambo, ahsante kwa kumjali. Akacheka mpaka mtu wa upande wa pili akauliza kama simu imeharibika.

"Yupo," akasema. "Ngoja nikupe uzungumze naye habari za chakula. Ukimaliza nirudishie mimi, tuzungumze meza zitakaa wapi."